Binti Yake Hisa Mia Tano, Mwanangu Mia

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana mume wangu anausoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, Mkenya, naishi Nyakuron hapa Juba na nasimamia jikoni katika hoteli moja kule Thongpiny. Mume wangu anafanya kazi benki. Tuna mvulana mmoja, Brian. Lakini kabla yangu, mume alizaa binti na mwanamke aliyebaki Kenya. Binti nitamwita Sharon. Mama yake sijawahi kumwona, ila namwonea wivu hadi usingizi unakatika. Mume akitoka nje kupokea simu yao, chakula kinanishinda.

Zamani aliwanunulia watoto hisa kule nyumbani kwa pesa sawa. Sharon mia za kampuni moja, Brian mia za kampuni nyingine. Akasema ni za chuo, nikaridhika. Mwaka jana akiwa anaendesha gari akanipa simu nimsomee ujumbe, nikaona Sharon ana hisa mia tano. Damu ilinichemka.

"Kwani mtoto wangu ni wa kuokota?" nikamuuliza.

"Mama Brian, sijaongeza hata shilingi. Kampuni imegawanya hisa. Kila moja imekatwa tano, na bei ya kila moja ikashuka hivyo hivyo. Walitaka hata mwenye pesa kidogo aweze kununua. Mali ni ileile."

Nikaona ananichezea akili. Na ajabu ni kwamba mimi huenda soko la Malakia na mfuko wa noti nikarudi na nyanya na mafuta tu. Ningepaswa kujua kwamba wingi si mali. Lakini wivu hauna hesabu.

Nikapeleka jambo kanisani. Sisi Wakenya wa huku hatuna wazazi karibu, kwa hiyo ugomvi wa nyumba huamuliwa na wazee wa ushirika. Tukaanza kwa maombi, mume akaeleza tena. Mzee mmoja, Msudani Kusini aliyelelewa Kenya, akamkatiza: "Ndugu, mia na mia tano hata mtoto anaona. Sawazisha hawa watoto, khalas, yaishe." Wengine wakaitikia. Nikaomba Sharon abaki na mia kama mwenzake, zinazozidi ziuzwe zilipe karo ya Brian. Mume alinitazama sana, kisha akauza. Wiki hiyo nilipika pilau huku nikiimba.

Mwezi uliopita kampuni ya Brian nayo ikagawanya hisa zake. Nilipoona mia tano nilipiga vigelegele palepale jikoni kazini, wapishi wakaja kuuliza nimepata nini. Kisha nikaangalia thamani yake yote. Ilikuwa ileile ya kabla ya kugawanywa. Nikakaa juu ya gunia la viazi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilimnyang'anya yule binti sehemu nne kati ya tano za mali yake, tena mbele ya wazee.

Jioni mume akaniuliza polepole, "Sasa Brian ana mia tano, Sharon ana mia. Tuite wazee tena wasawazishe?"

Nikakusanya vyombo nikaenda kuviosha.

Jumapili Sharon akapiga simu, akaomba kuongea nami. Amemaliza shule na ameitwa chuo. "Mama," akasema, "Baba ameniambia ni wewe uliyetaka mimi na Brian tulingane. Mamangu amesema nikushukuru."

Mume angeweza kunianika, hakunianika. Hata hilo linaniuma. Namwonea mtoto wivu kwa jinsi baba yake anavyomkinga asinichukie. Nikitaka kurekebisha, itabidi hisa nyingi za Brian ziuzwe, na yule mwanamke atauliza kwa nini. Nikimfikiria akilijua hili, akicheka na dada zake, moyo unaniambia ninyamaze. Halafu namkumbuka Sharon, na roho inanisuta.

Ndugu zangu, mnitukane mkitaka, lakini mnisaidie. Nimrudishie na kukubali aibu mbele ya mama yake, au nimlinde mwanangu? Chuo kinafunguliwa karibuni, na jana Sharon alinitumia ujumbe: "Mama, hisa mia zitatosha karo?" Nimeusoma mara nyingi. Nishaurini, nimjibu nini?