Walivyomsimamisha Baba Barabarani

Sikuwachukia wale wageni tangu mwanzo. Chuki iliingia kidogo kidogo, na wa kwanza kunitilia hawakuwa wao, walikuwa watu wa kwetu.

Habari zilienea Tukuyu kwamba mwanamfalme mmoja wa Ulaya anakuja na mkewe. Ziara ya urafiki, walisema. Watapita mjini, wataangalia ngoma, kisha watateremka kuona shamba la chai lililopata msaada kutoka kwao. Mjini hakuna aliyejisumbua kutofautisha mwanamfalme na baba yake, tukawaita tu "wafalme."

Wakati huo nilikuwa na banda la chakula kando ya barabara kuu. Mabati, mabenchi mawili, meko ya kuni kwa nyuma. Nilipika chai, maharage na ndizi, na hapo hapo nilimpikia uji baba yangu aliyekuwa amelazwa hospitali, mapafu yamemchoka. Siku chache kabla ya ugeni, mgambo walikuja na nyundo, wametumwa na kamati ya mapokezi. Wakaniambia banda langu linaharibu sura ya mji.

"Sura ya mji ni ipi?" niliwauliza. "Si ndiyo sisi?"

Mmoja akacheka. Mwingine akaanza kung'oa mabati.

Katika kamati hiyo kaka yangu alikuwa katibu. Sisi ni wawili tu, yeye mkubwa. Nilimfuata ofisini kwake, harufu ya moshi bado ikiwa kwenye khanga yangu. Hakuniambia hata nikae.

"Ni la muda tu," alisema. "Wakishaondoka utarudi."

"Uji wa baba nitaupikia wapi?"

"Nyumbani kwangu kuna jiko la gesi."

"Kwako ni mbali, kaka. Uji utafika umepoa."

Akaanza kupokea simu. Nikatoka. Kwa hiyo katika siku zake za mwisho baba alikunywa uji uliopoa, na hilo sijalitoa moyoni mpaka leo, ingawa najua si uji uliomuua.

Alifariki jioni, siku moja kabla ya wafalme kufika. Kijijini kwetu Mpuguso wanaume walianza kuchimba kaburi alfajiri. Mtu wa kututolea gari alikuwa jirani yangu wa mjini, mfanyabiashara wa vitambaa, Mwislamu ambaye babu yake alikuja kutoka pwani akahamia huku. Alikuwa na kenta ya kubebea mizigo, na baba alikuwa mtu wake wa karibu. Alikuja hospitali asubuhi ile amevaa kanzu, amelifagia gari mwenyewe na kutandika mkeka ndani.

"Twende mapema, dada yangu," aliniambia. "Leo barabara ina wenyewe."

Lakini jeneza halikuwa tayari. Fundi seremala alikuwa amekamatwa tangu usiku apigilie jukwaa la wageni uwanjani. Alipolileta, rangi haijakauka, alikuwa karibu kulia kwa aibu. Tulimweka baba ndani, tukapanda: mimi, shangazi yangu, yaani dada yake baba, na wanakwaya wa kanisani kwake, maana baba aliimba besi kwenye kwaya ile tangu ujana wake. Kaka alikuja na suti na kitambulisho kimening'inia shingoni. Akakaa mbele na jirani yangu, aliyekuwa akiendesha.

Tulisimamishwa tulipoikaribia njia panda. Askari alinyoosha mkono. Kamba imefungwa kukata barabara, na pande zote mbili wamepangwa watoto wa shule na vibendera vya karatasi, sare zimelowa. Mvua ilikuwa ile yetu ya Tukuyu, ambayo haikati wala haizidi.

"Afande, tuna maiti," jirani yangu alimwambia.

"Poleni sana, mzee. Nimeambiwa asipite mtu hadi msafara upite."

"Msafara uko wapi?"

"Uko njiani."

Uko njiani! Tulikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Simu zikawa zinapigwa kutoka nyumbani: kaburi limeanza kujaa maji, mko wapi? Shangazi alikuwa ameweka kiganja juu ya jeneza kana kwamba anamtuliza mtoto. Mwisho akaanza kuimba. Wimbo wa kanisani wa Kinyakyusa, ule wa kumwomba Kyala, yaani Mungu, ampokee mtu wake. Wanakwaya wakamfuata. Hata watoto wa vibendera waligeuka kututazama, baadhi wakavua kofia.

Ndipo akaja mama mmoja wa kamati, viatu vyake vimezama kwenye tope, redio ya mkononi inakoroma. Hakutupa pole. Alimwendea kaka yangu moja kwa moja.

"Hili gari lirudishwe nyuma ya lile ghala. Wageni wako karibu. Na hao wanyamaze."

Kaka alishuka, akaja nyuma ya gari tulipokuwa. Alizungumza akitazama chini.

"Shangazi, naomba tusogee nyuma kidogo. Na nyimbo tuzisitishe kwa muda. Dakika chache tu."

Shangazi alikatisha wimbo, akamtazama. Ni mwanamke mfupi, wa shamba, Kiswahili chake kina Kinyakyusa ndani. "Gwe mwana," alisema, "huyu ni tata wako, baba yako. Unataka nimfiche tata wako nyuma ya ghala, kama pombe ya magendo?"

"Si mimi, shangazi. Ni utaratibu."

"Utaratibu ndio uliokuzaa?"

Nilimwambia kaka, mbele ya watu wote, kwamba banda langu alilivunja nikanyamaza, lakini baba hatamficha. Alinijibu kwa sauti ya chini, meno yamebanana: "Unataka nifukuzwe kazi? Nani atasomesha wale watoto wangu, wewe na maharage yako?" Nikamwita jina ambalo sitaliandika hapa. Jirani yangu wa pwani alichomoa ufunguo wa gari, akautia mfukoni mwa kanzu, akakunja mikono. Gari halikwenda nyuma.

Hapo ving'ora vilisikika. Magari meusi yakaja polepole. Watoto wakaanza kupunga na kupiga kelele walizofundishwa. Shangazi aliinua tena wimbo, safari hii kwa nguvu, na sisi tukamfuata. Sikuimba kwa ajili ya Mungu wakati ule, naomba anisamehe. Niliimba ili wasikie.

Wakasikia. Gari la tatu likasimama, mlango ukafunguliwa, akashuka yeye mwenyewe, mke wa mwanamfalme, koti la njano mwilini, mtu anakimbia nyuma yake na mwavuli. Alikuwa anatabasamu. Alikuja hadi kwenye kenta yetu, akasimama chini, akaanza kuyumba taratibu akifuata mdundo, viganja vinapigana bila sauti. Mumewe akaja nyuma yake, naye akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza muziki mzuri. Wapiga picha wakatuzunguka.

Nimeshaona mambo mabaya. Lakini kumwona mtu anacheza wimbo wa msiba wa baba yangu, hilo sikuwahi kuliona.

Kwaya ikafifia. Mgeni akauliza kitu kwa Kiingereza. Mama wa kamati akamjibu haraka, na mimi Kiingereza changu ni cha darasani tu, kidogo, lakini nilimwelewa: alisema hawa ni wanakijiji, wamekuja kukukaribisha kwa nyimbo za asili.

Mgeni akafurahi. Akanyoosha mkono amsalimie shangazi. Shangazi akaficha mikono yake miwili ndani ya khanga.

"Mwambie," shangazi alinigeukia, "mwambie yuko nani humu."

Mama wa kamati akanikazia macho. Kaka yangu alikuwa nyuma yake, anatikisa kichwa: usithubutu. Nilisogea pembeni ili jeneza lionekane, nikasema Kiingereza nilichokuwa nacho. Nikasema: huyu ni baba yangu. Amekufa. Tunakwenda kumzika, nyinyi mmefunga njia.

Tabasamu likamtoka. Ninakiri hakuwa na moyo wa jiwe. Aliweka mkono kifuani, akasema pole, akarudia pole, na macho yake yakajaa. Akamgeukia mumewe, wakanong'onezana. Mume akamtazama mlinzi wao. Mlinzi akatazama saa, akatikisa kichwa. Basi mwanamfalme akatuinamia kidogo, kwa heshima kabisa, akamshika mkewe kiwiko, wakarudi garini. Wapiga picha nao wakakimbilia magari yao.

Nilimgeukia askari. "Sasa tupite?"

Akaishika kamba. "Bado, dada. Barabara inabaki imefungwa mpaka watakaporudi kutoka shamba la chai."

Hapo ndipo nilipowachukia. Kabla ya hapo ningeweza kusema hawajui, wamedanganywa. Sasa walikuwa wanajua. Neno moja la yule mwanamume lingetosha, na alichotupa ni kuinamisha kichwa.

Jirani yangu hakungoja mjadala. "Tumshushe," alisema. "Njia ya miguu haijafungwa na mtu."

Wanaume wa kwaya wakalishusha jeneza. Rangi mbichi ikawapaka mabegani. Nilimwambia kaka, "Njoo, wewe ndiye mkubwa, shika mbele." Akapiga hatua moja kutufuata. Redio ya yule mama ikakoroma, akamwita kwa cheo chake: katibu, unahitajika jukwaani. Kaka alisimama katikati, suti imelowa. Kisha akaniambia, "Nawafuata. Nitawakuta." Akaondoka upande wa pili.

Jirani yangu ndiye aliyeshika mbele, mahali pa mtoto wa kiume, kanzu ameifunga kiunoni.

Tulipita kwenye vichochoro vya migomba, tukateremka mtoni, tukapanda. Udongo ulikuwa unateleza, mara mbili tulikaribia kumwangusha. Watu wa mashambani waliacha majembe, wakaja kupokezana bila kuuliza marehemu ni nani. Tulipofika nyumbani, vijana walikuwa ndani ya kaburi wanachota maji kwa ndoo, na kila wakichota yanarudi. Mchungaji alifupisha sala. Tulimteremsha baba, nikasikia jeneza linagusa maji. Sauti ile ninayo.

Kaka alifika watu wakiwa wanakula. Alikuja na gari la kamati, amebeba shada la maua lenye utepe wa pole kutoka kwa wageni. Maua ya jukwaani yale, niliyatambua. Alitaka kuliweka kaburini. Nilisimama mbele yake.

"Hilo rudisha."

"Ni baba yangu pia."

"Alikuwa baba yako asubuhi pia, kule njia panda ulipomwacha."

Akaniinulia mkono. Hakunipiga; jirani yangu alimshika kwa upole, akamketisha. Shangazi alilichukua shada, akalibwaga zizini, ng'ombe wakalikanyaga.

Baada ya muda mfupi picha yetu ilianza kusambaa kwenye simu. Yule mama wa Ulaya yuko chini anacheza, sisi juu ya kenta vinywa wazi, jeneza halionekani. Maneno chini yake yalisema wananchi wa Tukuyu wafurika kwa nyimbo za furaha. Nilijibu kwenye kila kundi nililokuwemo kwamba ule ni msiba. Wengine walinipa pole. Wengine waliniambia nisichafue jina la wilaya.

Banda sikuruhusiwa kulirudisha, palipandwa maua. Sasa ninapika ndani, kwenye chumba cha stoo alichonipa jirani yangu nyuma ya duka lake la vitambaa.

Mwaka uliofuata kaka alilijengea kaburi la baba kwa saruji na vigae, vizuri sana, bila kuniuliza. Shangazi alimsamehe siku hiyo hiyo. Alikula naye pale nyumbani Mpuguso, akamwambia ndaga fijo, asante sana, akambariki. Kisha akanijia jikoni.

"Na wewe? Mtaishi hivi mpaka lini? Mko wawili tu."

"Sijui, shangazi."

"Alikuwa anaogopa, mwanangu. Mtu akiogopa si yeye."

"Najua alikuwa anaogopa," nilisema. "Hata mimi nilikuwa naogopa."

Alichukua sahani ya ndizi ampelekee kaka nje. Mimi nilibaki ndani nikiosha vyombo, mpaka niliposikia gari lake linaondoka.