Gunia langu la kwanza la mchele wa bei ya kutupa, Matrah, na jinsi lilivyolala nje ya mlango wetu

Wakuu, nawasalimu kutoka Al Khuwair, hapa Maskati. Kahawa iko pembeni na leo sina pa kwenda, kwa hiyo nna muda. Hii ilinitokea mimi mwenyewe, sijaitia chumvi. Nikikosea mwaka mnisamehe tu.

Wajukuu wangu wananicheka kwamba nikiona neno "offer" supermarket miguu inapata ujana. Mafuta, sabuni, tuna wa kopo, natia kwenye trolley. Juzi wakaniuliza, babu, offer yako ya kwanza ilikuwa ipi?

Ndiyo hii.

Ilikuwa kama 1967. Tulikuwa tumetoka Unguja, tunakaa Matrah kwenye vyumba viwili vya kupanga. Mimi, baba, mama na mdogo wangu Zuwena. Nlikuwa na miaka kumi na tisa, madrasa na darasa chache tu za skuli, lakini ndoto nyingi mno. Nikibeba vitambaa dukani kwa tajiri wangu, kichwani nlikuwa nishafungua duka langu.

Sasa, nyumbani kwetu kulikuwa na jambo moja la ajabu.

Hatukununua kitu kwa wingi. Kila asubuhi Zuwena anatumwa sokoni, mchele kibaba, sukari ya kufunga kwenye karatasi, mafuta ya taa chupa moja. Kwa rejareja tulikuwa tunalipa ghali kila siku, na meli zikichelewa dukani hamna, tunalala na tende.

Sababu ni baba. Alikuwa anasema, "Sisi hapa tunapita. Anayepita hanunui gunia."

Baba hakuweza kutulia. Anakaa, anasimama, anakwenda forodhani kuulizia nani kaja na khabari gani za Unguja, anarudi, anasimama tena. Masanduku hatukuyafungua yote. Mama alikuwa anapika kwa sufuria mbili alizoazima kwa jirani, na nyingine nzuri zimo sandukuni.

(Mtu akikwambia uhamaji ni safari ya siku kadhaa, mwache.)

Basi wiki moja zikaingia meli mbili kwa mpigo. Maghala yakajaa, magunia ya mchele yakawa yamepangwa hadi njiani na joto lile. Mwenye ghala kahamanika, anataka yaondoke. Bei ikashuka karibu nusu.

Akaniona nazubaa mbele ya ghala lake. "Ya walad, we kijana, unatazama au unanunua? Kesho bei inapanda."

"Nikiona halifai nitarudisha?"

"Kwa bei hii? Ukilitoa hapa, khalas, ni lako mpaka kiyama."

Nlikuwa na mshahara wangu mfukoni. Nikanunua. Wakuu, furaha niliyokuwa nayo. Nikakodi punda, nikatembea pembeni yake kama namsindikiza bibi harusi. Nikawaza mama hatalala na njaa tena.

Baba alikuwa amekaa mlangoni na jirani yetu, Mwomani wa hapo hapo, mtu mwema na mcheshi. Jirani akaliona gunia kabla ya baba.

"Mabruk, Abu Salim," akampongeza baba. "Sasa ndiyo mshakuwa watu wa Matrah."

Kasema kwa wema kabisa. Uso wa baba ukabadilika.

"Nani kakutuma?" akaniuliza.

"Hakuna, baba. Lilikuwa rahisi."

"Rudisha."

"Hawapokei. Kashasema."

"Basi litakaa hapo hapo. Mlango wangu halipiti."

Mama akanivuta ndani. "Wewe na rahisi zako. Unajua gunia lile litakwisha lini? Umemwambia baba yako mwakani bado tupo hapa."

Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Nlidhani nimenunua mchele.

Siku mbili gunia likakaa nje. Zuwena analiruka anakwenda kununua kibaba, anarudi analiruka tena. Mbuzi wa jirani wakatafuna pembe moja, mchele ukaanza kumwagika. Mimi kazini nakata vitambaa vibaya. Nyumbani baba anazunguka tu uani. Nikapanga kuliuza kwa hasara yoyote ile, ilmradi liondoke machoni pake.

Ijumaa, baada ya sala, nikatoka kutafuta mteja. Nikamkuta baba njiani anakuja, kila mkono kabeba debe tupu la bati lenye kifuniko, na kifurushi cha pilipili kavu kakibana kwapani.

Akanipita. Alipofika kwenye gunia akachuchumaa, akatafuta mwisho wa kamba ya mshono, akavuta mara moja. Mdomo wote ukafunguka. Unguja alikuwa karani wa stoo ya nafaka, mimi nishasahau.

"Shika huku," akasema. "Pilipili unatia chini, kati na juu. La sivyo fukusi watakula kabla yako."

Tukajaza madebe, mchele uliobaki mama akauweka kwenye beseni. Halafu baba akamuuliza mama, sauti ya chini sana, "Tuyaweke wapi?"

Mama akanyoosha kidole. "Chini ya kitanda chako. Pana baridi."

Baba akayabeba mwenyewe. Alikaa chumbani peke yake mpaka alasiri. Nilipomsikia analia, nikamchukua Zuwena tukaenda pwani.

Hatukurudi Unguja. Baba kazikwa huku.

Nilichojifunza, wakuu: kitu kikiwa cha bei nafuu nunua, na mchele utie pilipili. Lakini kwanza waulize wa nyumbani wanangojea nini. Mpaka leo sijui kama siku ile nilimsaidia mzee au nilimkatisha tamaa.

Nyie ambao wazee wenu walihama, nani kwenu alinunua gunia la kwanza? Andikeni hapa chini, nasoma zote.