Mbao Mbili za Ofisi ya Kazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya mfagiaji. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi ya kazi pale Mtwara mjini, viatu vipya vinanibana, cheti changu cha kupiga chapa nimekifunga kwenye khanga ya mama kisije kikapata doa. Bwana Afisa Kazi alipotokea alinitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye karani mpya, au umekuja kumshitaki mwajiri?"

Nikasema mimi ndiye karani, naitwa Somoe.

"Haya, Bibi Karani, ingia. Ukitaka kulia, kalie stoo. Hapa mbele wanakaa wenye shida za kweli." Huyo ndiye bosi wangu wa kwanza, na mpaka leo namwombea dua.

Nyinyi wajukuu zangu mlioko vyuoni mnaniuliza kazi zilikuwa zinapatikanaje. Siku zile, miaka ya sitini inaelekea ukingoni, aliyemaliza chuo kikuu hakuzunguka mjini na bahasha kwapani. Serikali ndiyo iliyompangia. Kila mwaka Dar es Salaam ilituletea waraka wa nafasi, yaani orodha ya kazi zinazosubiri watu, pamoja na fomu ya chaguo yenye mistari mitatu: kazi unayoitaka kwanza, ya pili na ya tatu. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyekuja nyumbani likizo ndefu aliijaza kwetu, kwenye dawati la ushauri, na fomu zote zikaondoka na mfuko wa barua wa ndege. Mfuko ukishaondoka, basi tena.

Nilipiga chapa miaka miwili, kisha Bwana Afisa Kazi akanikabidhi dawati hilo. "Una mdomo," alisema, "utawafaa."

Na kweli mdomo nilikuwa nao! Vijana walikuja siku ya mwisho, saa ya mwisho. "Dada Somoe, nigongee muhuri tu niwahi." Mtu kasoma miaka mitatu, halafu anaamua maisha yake akiwa amesimama! Wengine waliandika kazi moja mistari yote mitatu, wakidhani wanaonyesha msimamo. Kumbe nafasi ile ikijaa, mpangaji wa Dar es Salaam hana pengine pa kukuweka, anakutupa popote. Niliwagombeza sana, na sijutii.

Ninachojutia ni kingine. Nilikuwa na utaratibu wangu, na niliuonea fahari. Waraka ukifika niliupiga chapa upya, nikaukata kwa mkasi kazi moja moja, nikazibandika kwenye mbao mbili pale mlangoni. Juu ya ubao mmoja niliandika kwa wino mwekundu "Wanaume", juu ya mwingine "Wanawake". Uhandisi, forodha na maabara huku. Ualimu, uuguzi na ustawi wa jamii kule. Wageni walisifu jinsi ofisi yetu ilivyopangika.

Mwaka mmoja, siku ile ile fomu zilipofika, akaja Hadija, binti wa Mzee Bakari muuza vitambaa wa Mikindani. Alikuwa anasomea kemia. Alinisalimu kwa adabu, akasoma ubao wa wanawake dakika moja, akarudi kwangu.

"Dada, na ule mwingine naruhusiwa kuusoma, au nifumbe macho?"

"Soma, macho ni yako," nikamjibu kwa ukali.

Akasimama pale muda mrefu, kisha akaweka kidole. "Msaidizi wa mkemia, maabara ya maji, Mtwara. Imeandikwa wapi kwamba hii ni ya mwanaume?"

"Kwenye waraka."

"Naomba niuone, Dada."

Nikafungua mtoto wa meza kwa mbwembwe zote. Nikasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka kwenye sahihi. Wapi! Hakuna neno mwanaume, hakuna neno mwanamke. Uso ulinichoma. Dar es Salaam haikuniagiza, wala bosi wangu. Nilikata kwa mkasi wangu mwenyewe, kwa sababu mimi nilipokuwa shule kazi tulisomewa hivyo, za wavulana mbali, za wasichana mbali. Je, nilikiri? Thubutu! Nilisema, "Labda ni utaratibu wa zamani," nikampa fomu.

Lakini alipokuwa bado ameinama kwenye benchi na kalamu, niliazima nyundo kwa mfagiaji, nikaanza kung'oa misumari. Bwana Afisa Kazi akatoka mbio.

"Bibi Karani, unabomoa ofisi ya serikali?"

"Nabakiza ubao mmoja, Bwana. Mmoja unatosha."

Akautazama ukuta, akanitazama mimi. "Haya. Ila uzibe hayo matundu."

Nikarudi kwa Hadija, nikamkuta analia. Fomu tupu. "Baba ameshasema ualimu, mistari yote mitatu. Na mimi bila radhi yake sitaandika kitu."

Jumamosi nikaenda Mikindani. Mzee Bakari alinipokea vizuri, akanimiminia kahawa, kisha akasema, "Mwanangu, nakuheshimu. Lakini binti yangu atumwe na maabara akachote maji ya mto kule Kilambo mpakani, mamba wale, na ng'ambo vita? Hapana."

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikubishana. Nilirudi ofisini nikamwombea Hadija barua ya mazoezi ya likizo. Kwa barua hiyo mwanafunzi alikwenda wiki chache kufanya kazi pale anapopafikiria, aone kama panamfaa, bila kufungwa na lolote. Dawati letu liliweza kumwombea mwanafunzi yeyote, na hakuna aliyekuwa anaomba! Mzee Bakari akakubali, maana ni likizo tu. Hadija akaingia maabara ya maji, na wiki ya pili nikamwandikia baba yake barua kwa mkono, utepe wa mashine ulikuwa umeisha, nikimkaribisha aje aone, na aje na chupa ya maji ya kisima chake.

Akaja. Hadija, ndani ya koti jeupe, akayachukua yale maji, akayafanyia kazi yake, akamwambia baba yake arudi keshokutwa. Mzee aliporudi, binti alikuwa na daftari mkononi.

"Baba, haya msinywe bila kuchemsha. Kisima kiko karibu mno na choo cha jirani."

Wadogo zake Hadija walikuwa wanaumwa matumbo kila masika, na dawa za kila namna walishakunywa.

"Una hakika, mama?"

"Nimepima mara tatu, Baba."

Mzee akanigeukia. "Hiyo fomu inafungwa lini?"

"Ijumaa, Mzee."

"Mstari wa kwanza aandike hii. Wa pili na wa tatu ualimu, na mimi nipate pa kujishikilia."

Barua ya kupangiwa ilipofika, maabara ya maji, Mtwara, nilipiga kigelegele mle mle ofisini. Bwana Afisa Kazi akafunga mlango wake, lakini nilimsikia anacheka.

Baadaye nilihamishiwa Lindi, kisha Songea, na mwisho dawati la ushauri la chuoni kwenyewe, Dar es Salaam. Kote huko sikupigilia ubao wa pili. Sasa nimestaafu, nina nyumba yangu Mtawanya, afya ninayo, na Hadija, mstaafu mwenzangu, huja kunijulia hali. Majuzi nikaona nisife nalo. Nikamwambia, "Zile mbao mbili hakuna aliyeniagiza. Ni mimi."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Dada Somoe, nimejua tangu siku baba alipopata barua yako. Uliniambia ni utaratibu wa zamani, kumbe mwandiko wa kwenye bahasha ndio ule ule wa wino mwekundu."

"Miaka yote hii! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini," akasema, "na mimi nilikuona na nyundo?"