Waksi ya Baba na Mvua ya Saa Tisa

Enzi zetu gari halikupelekwa mahali kuoshwa. Lilioshwa uani, kwa ndoo na fulana iliyochanika, na watoto wa jirani walikusanyika kana kwamba kuna arusi. Nyinyi mliokua Kakamega miaka ya tisini mnakumbuka: Jumamosi asubuhi, mtaani kwetu Shieywe, kila nyumba yenye gari ilinukia sabuni ya kipande.

Letu lilikuwa jeupe, la marehemu baba. Yeye na mama walipotutoka nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule nikabaki na wadogo zangu, Ayuma na Shitanda. Gari nalo likabaki uani, kuku wakaligeuza kiota. Siku moja baba mdogo akaja kutoka Chekalini, akafungua mlango, tetea akamrukia usoni.

"Hii gari mnaifanyanga nyumba ya ingokho?" akauliza huku akijipangusa manyoya. "Jumamosi nakuja kuichukua ikabebe mahindi. Huku inaoza tu."

Moyo ulinipasuka. Lile gari ndilo lililobaki na harufu ya baba.

"Baba mdogo, ukikuta ni chafu, chukua," nikamwambia. "Ukikuta vile baba alikuwa anaiweka, utuachie."

Akacheka. "Haya, mama. Tutaona."

Jumamosi hiyo hakuna aliyeamshwa. Alfajiri tulikuwa bombani, na jua lilipotoka povu lilikuwa limetufika viwikoni. Tulifuata sheria ya baba: "Anzia juu. Matope hushuka, hayapandi." Paa, vioo, milango, magurudumu mwisho. Vioo tulivikausha kwa gazeti mpaka vikalia nyii! Kinyesi cha kuku nilikikwangua kwa mswaki wa zamani, na sitasema ulikuwa wa nani.

Mama jirani akachungulia uani. "Mnaosha mwende wapi, na hamna dereva?"

"Kwako, mama, kunywa chai!" Ayuma akamjibu. "Injika maji!"

Akacheka, akaja kutusaidia kulisukuma gari hadi kivulini, kwa maana baba alisema waksi haipakwi juani. Kopo lake lilikuwa bado kabatini. Tulipaka kwa kuzungusha, ikakauka nyeupe kama uso wa mtu wa posho mili aliyejaa unga, kisha tukasugua kwa kipande cha blanketi la mama. Jamani, nyuso zetu zikatokea mlangoni! Tulipiga kelele kama waliovumbua kioo.

Kisha nikasikia, "Dada, ya baba imeisha huku nyuma, nimetumia ile ya sebuleni!" Shitanda alikuwa amepaka buti yote waksi nyekundu ya sakafu. Gari jeupe, nyuma waridi kama ufizi wa mtoto! Hakukuwa na wakati wa kumchapa. Tulifuta kwa mafuta ya taa, tukaosha upya, nikakwangua kopo la baba kwa mpini wa kijiko mpaka nikapata ya kutosha.

Baba mdogo alifika saa tisa, pamoja na wingu. Nikampa ufunguo, akalizunguka gari. Akapitisha kidole. Akafungua mlango taratibu, akikinga uso, hakuna kuku. Kisha mvua ikashuka, nasi tukakimbilia barazani.

Maji hayakukaa juu ya lile gari. Yalijikusanya kama shanga, yakakimbia, yakadondoka. Baba mdogo akatazama muda mrefu.

"Ndugu yangu alikuwa ananiita nje nione hii maji ikikimbia," akasema. Akanirudishia ufunguo. "Ikae. Kesho nakuja niwapeleke kanisani."

Tulicheza kwenye mvua hiyo mpaka tukatetemeka.

Siku hizi Ayuma na Shitanda wana magari yao. Wanayapeleka kwenye mashine, wanakaa kitini na soda, wanafinya simu. Nusu saa, tayari. Watoto wao hawajawahi kulowa povu la gari. Nikiwaambia tuliamka alfajiri kuosha gari lisilokwenda popote, wananiuliza, "Auntie, si mngeita mtu tu?"

Krismasi iliyopita Shitanda aliegesha la kwake uani, pale pale pa baba, likiwa limetoka kuoshwa. Saa tisa mvua ikanyesha. Maji yakalala juu yake, bapa, hayaendi; gari halikuonja waksi. Shitanda akanitazama, nami nikamtazama. Niliingia ndani kutafuta fulana kuukuu, na nilipotoka alikuwa ameshavua viatu.