Macho Niliyomwongezea Mchawi

Juzi nilikuwa nimejilaza kwenye kochi hapa Kahama, nachezea simu, nikaikuta. Ni ile filamu ya mchawi niliyoitazama nikiwa darasa la nne kwenye banda la video la Maganzo, ikakatika katikati. Niliitambua kwa lile jumba lake ambalo mlango ukibamizwa kuta zote zinatikisika. Nikaketi wima. Mume wangu akauliza naangalia nini, nikamjibu ni upuuzi tu.

Wewe unanifahamu, unajua ninavyopenda filamu za kutisha. Nazipenda zilizo nzuri, zile ambazo nusu saa nzima huoni kitu, unaona tu mlango uko wazi na una hakika ulifungwa. Na mbovu nazipenda vilevile: maiti anameza mate, mzimu amevaa saa ya mkononi, damu inang'aa kama rangi ya kucha. Mapenzi hayo niliyaokota Maganzo, pamoja na jambo jingine ambalo sijawahi kukusimulia.

Banda lenyewe lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, jenereta likinguruma nyuma na harufu ya petroli ikiingia mpaka ndani. Jumamosi mchana wachimbaji wa almasi walijazana kwenye mabenchi, miguu yao ikiwa bado na tope lililokauka. Mjomba wangu alikuwa akilinda mlango, ndiyo maana mimi peke yangu kati ya watoto wa mtaani kwetu niliweza kuingia. Mbele kabisa alikaa mtafsiri na kipaza sauti chake. Huyo hakutafsiri, alihamisha. Mzimu wa ng'ambo alimtoa kwenye shimo la machimboni kwetu, askari mnene akampa jina la utani la mwenyekiti wa kijiji, na watu wakacheka huku wanaogopa. Filamu ikiwa mbovu ndipo alipojituma zaidi. Nikakua nikiamini kwamba filamu haijakamilika mpaka aingizwe mtu unayemjua.

Jumapili tukitoka kanisani, watoto tulikusanyika uani kwa bibi kumenya viazi vitamu vya michembe. Bibi alivikata vipande na kuvianika juu ya mwamba, nami kazi yangu ilikuwa kusimulia. Msikilizaji wangu mkubwa hakuwa mtoto. Alikuwa jirani yetu, mjane mzee aliyeishi peke yake upande wa pili wa uzio wa minyaa. Kuni zilikuwa za shida, basi alipikia samadi kavu na mabua ya pamba katika jiko lisilo na dirisha, na moshi wa miaka mingi ulikuwa umemharibu macho. Yalikuwa mekundu, yakichuruzika machozi mchana kutwa. Hata angepelekwa bandani asingeona kitu. Alikuja na kikapu chake cha karanga, akakaa kushoto kwangu, akaniita mwanangu kwa Kisukuma: "Haya lete, ng'wanawane. Leo wamekufa wangapi?" Kisha alicheka mahali ambapo wengine walijificha nyuso.

Ile ya mchawi ilikatika jenereta lilipoishiwa mafuta. Ilikuwa mbovu kupindukia, mchawi mwenyewe msichana tu aliyevalishwa nywele za katani. Kesho yake jirani alikuwa shambani, hakuja, na watoto wakaanza kupiga miayo. Nikaona nifanye kama mtafsiri. Nikampa mchawi macho mekundu. Nikampa jiko la moshi, na nilipoona wamenyamaza, nikampa na kikapu cha karanga. Mdogo wetu kuliko wote, mtoto wa nyumba ya tatu, aliacha kumenya, kiazi kikabaki mkononi. Sitakuficha, nilifurahi sana.

Wiki hiyohiyo mtoto yule alishikwa na homa, akawa anaweweseka kwamba bibi wa macho mekundu anamletea karanga. Kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee si jambo la kutajwa ovyo. Kuna waliokatwa mapanga kwa sababu hiyo tu. Bibi alipoisikia minong'ono kisimani alinishika mkono mpaka kwa wazazi wa mtoto, akanisimamisha mbele yao, akasema, "Waambie."

Nikawaambia ilikuwa filamu niliyowasimulia watoto, na bibi wa macho mekundu, jiko la moshi na kikapu cha karanga vilitoka humo. Ilibaki sentensi moja tu, kwamba macho niliyaongeza mimi, na jiko, na karanga. Lakini niliona nikiisema bibi atanikataza banda. Hilo ndilo nililoogopa, hakuna kubwa zaidi. Nikanyamaza. Baba wa mtoto alifikiri, kisha akasema taratibu, "Walioitengeneza wako ng'ambo, Maganzo hawajafika. Wameyajuaje macho ya mama huyu? Na jiko lake? Na karanga zake?"

Filamu tuliyokwenda nayo imtetee jirani ikawa shahidi dhidi yake. Bibi alinitazama, na mimi nikatazama chini.

Mtoto alipona, ilikuwa malaria, lakini maneno yalikwisha kusambaa. Watu wakaacha kumwamkia jirani. Asubuhi moja alikuta mlango wake umechorwa panga kwa mkaa. Siku mbili baadaye mwanawe, aliyekuwa na kazi kwenye mgodi wa Buzwagi, alikuja na gari mchana kumhamishia Kahama. Bibi alimsaidia kufunga masufuria. Mimi nilisimama kwenye minyaa, naye akaniita.

"Nasikia ile ya mchawi uliisimulia bila mimi," akasema. "Iliishaje?"

Sijui kama alikuwa ameambiwa nilivyoisimulia. Nikamwambia jenereta lilizimika. Akafuta macho kwa upande wa khanga, akasema, "Ukiuona mwisho wake, uje unisimulie." Gari likaondoka.

Aliishi Kahama miaka mingine mingi, akafa kitandani kwa uzee. Bibi alimtembelea mara mbili. Mimi kila mara nilikuwa na mtihani, au mafua.

Banda la video sasa ni duka la simu, na uzio wa minyaa umeng'olewa. Watoto hutazama kila mmoja peke yake, hakuna mtafsiri wa kuwatilia majirani ndani. Nadhani ni afadhali, ila sauti yake naikumbuka mpaka leo.

Juzi basi niliitazama mpaka mwisho. Macho ya mchawi ni meusi, ya kawaida kabisa. Anasukumwa kisimani, na akiwa anaanguka anaonekana waziwazi anashika nywele zake za katani zisimvuke. Jirani angecheka mpaka akae chini. Nilicheka na mimi, nikajikuta nimegeukia kushoto. Nikaisimulia yote kwa sauti, mume wangu akinishangaa, na nilipofika mwisho nikaisema na ile sentensi moja.

"Macho niliyaongeza mimi."