Kona ya Tuombeane

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nimekaa mbele ya taipureta ya chuo, stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, imejaa isipokuwa nafasi ya vidole viwili upande wa chini. Vidole viwili tu. Nafasi hiyo niliijaza kwa mistari mitatu, na mistari hiyo ndiyo iliyomtoa mtu darasani wiki tano kabla ya kuhitimu. Nitakueleza taratibu, maana haraka haraka haina baraka, na mimi katika ujana wangu baraka nyingi zilinipita kwa sababu hiyo.

Shule niliiacha darasa la sita. Kichwa hakikuwa kizito, miguu ndiyo ilikuwa inawasha. Nilichunga ng'ombe wa mjomba kule Mwamanyili, nikachoka. Nikawa utingo wa lori la pamba, nikashukia Malampaka, nikabeba marobota pale stesheni mpaka karani mmoja wa ushirika akaniona nasoma kila kipande cha karatasi kilichofungiwa karanga. Akanifundisha kupiga taipu. Kisha soko huria likaingia, wanunuzi binafsi wakaja na malori yao na mizani yao, ofisi ya ushirika ikapungua watu na mimi nikiwa mmoja wao. Ndivyo nilivyofika Bariadi nikiwa na miaka ishirini na minane, nikapata ukarani katika chuo cha Biblia nje kidogo ya mji. Sikuwa mwanafunzi, lakini dirisha la ofisi lilipakana na darasa, na sikio langu halijawahi kwenda likizo.

Chuo kile kiliishi kwa juma. Jumatatu baada ya ibada zilisomwa zamu za kuchota maji, kufagia na kukata majani ya ng'ombe. Jumatano watu walifunga, na mpishi wetu, mama Kabula, alinung'unika kila mara kwamba Alhamisi wanakula chakula cha siku mbili. Jumamosi ilikuwa palizi katika shamba la pamba la chuo, mchana kwaya. Jumapili kila mwanafunzi alipanda baiskeli kwenda kijiji alichopangiwa kuhubiri.

Mimi niliipenda Alhamisi, siku ya mahubiri ya mazoezi. Mwanafunzi alihubiri mbele ya wenzake, kisha akakaa kimya wakimchambua, haruhusiwi kujitetea hata kwa kukohoa. "Ndugu yetu umetupandisha mlima Sinai vizuri, tatizo umetuacha hukohuko." Mwingine: "Mahubiri haya ni kama michembe. Matamu, lakini mtu anahitaji maji mengi ayameze." Wewe unayekula mkate kila asubuhi labda hujui ukavu wa michembe, viazi vilivyoanikwa juani mpaka vikawa kama vipande vya mti. Waliokuwepo waliujua, wakacheka mpaka mwalimu akagonga meza.

Habari zote za juma niliziandika katika karatasi moja. Niliichapa Ijumaa kwa ile mashine ya kuzungusha kwa mkono, na Jumapili wanafunzi waliibeba kwenda nayo makanisani. Chini kabisa palikuwa na kona iliyoitwa Tuombeane. Mtu mwenye shida alitia kikaratasi katika sanduku mlangoni mwa kanisa la chuo, nami nikakiandika: fulani mama yake anaumwa, fulani ana mtihani.

Miaka hiyohiyo magazeti ya watu binafsi yalianza kufika Bariadi kwa basi, yamechelewa siku mbili, vichwa vya habari vyekundu kama damu ya kuku. Stendi nzima ilimzunguka mtu mmoja anayesoma kwa sauti. Mimi nikirudi ofisini nakuta karatasi yangu inasema choo cha wavulana kimezibuliwa. Niliona haya. Nilitamani na yangu isomwe vile, watu wamejaa bega kwa bega. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Sasa nikutajie mtu mwenyewe. Nitamwita Masunga. Alikuwa mwaka wa mwisho, na Alhamisi yake hakuna aliyepata la kuchambua. Ndiye aliyenifundisha kutafuta aya bila kupekua kitabu kizima kama kuku anayetafuta punje. Maswali yangu aliyavumilia yote. Kosa lake lilikuwa moja: aliyepangiwa kijiji alirudi Jumapili jioni, yeye alirudi Jumatatu mchana, akapewa adhabu ya kuchimba shimo la taka, akachimba huku anaimba.

"Huko Sapiwi umeoa?" wenzake walimtania.

"Nimeoa," alijibu. "Tatizo mke mwenyewe ana ndevu."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilitaka kujua. Macho hayana pazia, mwanangu, na ya kwangu hayakuwa hata na kope. Jumapili moja niliazima baiskeli, nikamfuata kwa mbali. Alihubiri kanisani Sapiwi, akala, kisha akashika njia ya mifugo mpaka kwenye mji mmoja uliozungushiwa ua wa minyaa. Nikachungulia. Mlangoni pa nyumba vilining'inia vibuyu na mkia wa nyumbu, na mzee mwenye shanga za kifumu, yaani za waganga, shingoni ameketi kwenye kigoda. Na mbele yake, amepiga magoti vumbini, alikuwa Masunga. Mwanateolojia wetu, mbele ya mganga.

Nilipanda baiskeli nikarudi mbio. Sikusubiri kuona anafanya nini pale chini.

Ijumaa ile, mbele ya vile vidole viwili vya nafasi, niliandika hivi: "Tumwombee ndugu yetu M. wa mwaka wa mwisho, ambaye moyo wake bado unavutwa na nyumba ya mganga huko Sapiwi. Bwana amfungue." Sikuwa na kikaratasi cha mtu yeyote. Nilijiambia mficha uchi hazai, na kwamba namsaidia. Nilijihisi mtakatifu kidogo, hata nikasoma mara mbili kwa sauti.

Watu walijaa kweli bega kwa bega. Jumapili jioni hakuna aliyeuliza M. ni nani, mwaka wa mwisho walikuwa saba, na mwenye kwenda Sapiwi mmoja. Mama Kabula aliishika karatasi kwa ncha za vidole vyenye unga, akaomba asomewe, kisha akanirudishia.

"Hii si sala, karani," alisema. "Hii ni habari imevalishwa kanzu."

Jumatatu Masunga aliitwa mbele ya walimu. Mimi niliitwa kuandika kumbukumbu za kikao, kwa hiyo nililisikia kila neno, na mkono wangu mwenyewe ukaliandika. Hakukana. Alisema yule mzee ni baba yake mzazi. Mwaka uliopita upande mmoja wa mwili ulilala, hawezi kujiosha wala kujilisha, na wajukuu waliokuwa wakimtunza wamehamia Shinyanga. Kila Jumapili humwogesha, humpikia, humfulia. Jumatatu hungoja jirani aje ampokee zamu. Siku niliyomwona amepiga magoti alikuwa anamwosha miguu.

Kalamu ilisimama mkononi mwangu. Na mambo hayakuishia hapo, kwani mkuu wa chuo alitoa fomu aliyojaza Masunga siku ya kuingia. Penye jina la baba pameandikwa: marehemu.

"Niliogopa hamtampokea mtoto wa mfumu," alisema Masunga.

Wakamwambia mambo mawili: uongo kwenye fomu ni kosa, na mhubiri hawezi kulala katika nyumba ya uganga huku watu wanamwona. Amwache mzee kwa ndugu zake mpaka ahitimu, au aondoke. Wiki tano tu, wakamsihi. Akasema ndugu wa kumwachia hana. Akatoka.

Nilimkuta chumbani anafunga vitabu kwa kamba ya katani. Nilisimama mlangoni, sijui miguu niiweke wapi.

"Karani," alisema bila kugeuka, "umewahi kuniuliza baiskeli nilinunua wapi. Umeniuliza mama alikufa kwa ugonjwa gani. Umeniuliza kwa nini naogopa bata. Hili mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa ungenidanganya."

Akakaza fundo la kamba. "Ningekudanganya kweli. Mara ya kwanza. Ya pili ningekwambia."

Nimeishi na jibu hilo zaidi ya miaka thelathini. Mimi, mwenye kuuliza kila kitu, swali moja lililokuwa na mtu ndani yake sikuliuliza.

Niliomba nimbebee vitabu. Alikubali, nadhani kwa sababu vilikuwa vizito. Tulifika Sapiwi jua likiwa bado juu, mzee ameketi palepale kwenye kivuli cha nyumba, mkono mmoja umelala pajani kama si wake.

"Mwadila, namhala," nilimsalimu kwa Kisukuma, kama anavyosalimiwa mzee.

"Mwadila, ng'wanone," aliitikia, yaani mwanangu. "Wewe ndiye mwenye karatasi?"

Mdomo wake ulikuwa umevutika upande, maneno yalitoka polepole. Nikasema ni mimi. Akaagiza niletewe kigoda, akasema nimsomee. Nilidhani nitakufa. Nilisoma ile mistari mitatu mbele ya baba na mtoto, na sauti iliyokuwa tamu ofisini ilikuwa kama mchanga mdomoni.

"Hiyo nyumba ya mganga ni hii?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi hukusema uongo. Ni nyumba yangu." Masunga akamfuta mate kwa kitambaa. "Kigoda ulichokalia kina umri kukuzidi. Wamekikalia watu wa kila namna. Mtu haji hapa na furaha yake, ng'wanone, anakuja na jambo linalomtia haya. Analitua hapo chini. Mimi dawa zangu, nyingine zilifanya kazi, nyingine hazikufanya, sitakudanganya. Lakini jambo lililotuliwa hapa halikuwahi kuvuka zizi langu. Nyinyi mna sanduku mlangoni mwa nyumba ya Mungu, mwanangu ameniambia. Linafunguliwa na nani?"

"Na mimi."

"Mh," alisema. Ile "mh" ilinichapa kuliko fimbo. Kisha, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, akasema, "Hata wa chuo chenu wamekikalia kigoda hicho."

"Nani?"

Neno lilinitoka, mwanangu. Naapa sikulituma. Ulimi hauna mfupa, na wangu haukuwa hata na kamba. Mzee alicheka kwa ule upande mmoja wa mdomo uliobaki hai, akacheka mpaka akakohoa.

"Masunga," alisema, "huyu mtu wenu bado hajapona."

Na Masunga, aliyekuwa na kila haki ya kunifukuza, akacheka naye. Nami nikacheka, kisha nikalia, na hakuna aliyenishangaa. Pale watu walikuwa wamezoea.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa mkuu wa chuo nikaomba ruhusa ya kuandika katika kona ileile: "Mniombee mimi karani, niliyeandika jambo ambalo sikuombwa wala sikuuliza." Akakubali. Nikamsimulia pia yale niliyoambiwa Sapiwi, mpaka kile kigoda na watu wa chuo. Aliacha kuandika.

"Alitaja jina?" aliuliza, taratibu sana.

"Hapana. Nilimwuliza, akakataa."

Mkuu aligeukia dirishani. Nje walikuwa wanakatia ng'ombe majani. Mwishowe akasema, "Mwambie Masunga aje aijaze upya fomu yake. Ajaze ukweli. Atamalizia masomo hali ya nyumbani ikiruhusu."

Usiniulize zaidi. Sijui ni nani alikikalia kile kigoda, na nimejizuia kutafuta, jambo ambalo kwa mtu kama mimi ni kufunga kugumu kuliko ile Jumatano yao.

Masunga alirudi mwaka uliofuata, baada ya kumzika baba yake. Mzee hakumwona amevaa joho. Huo mwaka mmoja niliuchukua mimi, na hakuna mashine ya kuurudisha. Karatasi nazo zilikuwa zimefika mpaka Malampaka, na usharika mmoja ulimkataa kabisa: "Huyo si yule wa mganga?" Kuungama kwangu hawakukusoma, watu huhifadhi gazeti la kosa, la kuomba radhi hufungia karanga. Alipelekwa kuhudumu mbali, ng'ambo ya ziwa, akawapenda watu wake nao wakampenda. Mimi miguu iliwasha tena, nikaondoka. Nimezunguka sana tangu hapo, nimeuliza maswali mengi, na baadhi ya majibu nitazikwa nayo.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu, wewe mwenye simu inayochapa haraka kuliko mashine yangu. Udadisi si dhambi; usiuue. Lakini ukitaka kujua habari ya mtu, mwendee mwenyewe, umwulize ukiwa umekaa mbele yake, na akikudanganya mara ya kwanza, rudi. Ukishajua, jiulize kilichotuliwa kwako ni cha kubebwa au cha kulindwa. Na usimtaje mtu mbele ya Mungu kwa sauti inayowalenga majirani. Mungu hasikii kwa kupitia majirani. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, maana kidole hupona.

Nakuombea macho yaonayo mpaka miguu inayooshwa, na kifua chenye zizi lisilovukwa. Watu watue mizigo yao kwako wasijute. Uende mhola, mwanangu, na amani hiyohiyo ikurudishe.