Mikono ya Mama Mkwe

Kinyozi alikuwa na maneno mengi kuliko nywele alizokata, na hilo tumsamehe, maana kinyozi bubu wateja humlalia kitini. Kilichomharibu ni zile taa. Alizinunua kwa mpiga picha mzee aliyekuwa anafunga studio yake: taa mbili za kulipuka, miguu yake ya chuma, mmoja umefungwa waya, na miavuli miwili myeupe yenye madoa ya kutu. Akazisimamisha kwenye chumba cha nyuma ya duka lake la kunyolea, akatundika shuka la kijivu ukutani, na kuanzia hapo hakuna aliyenyolewa ndevu bila kusomeshwa habari za mwanga.

"Kamera mimi naijua siku nyingi," aliwaambia. Kweli aliijua, lakini ya juani. Alizoea kuwapiga picha watoto wakicheza mpira kiwanjani.

Mkewe, ambaye hajawahi kumwamini kwa asilimia mia, alimwambia ajaribu kwanza. Akamkalisha yeye mwenyewe, akabonyeza, taa zikafanya pah! Picha ikatoka safi, hata kovu la utotoni juu ya nyusi linaonekana. Basi, kichwa kikavimba.

"Sasa mlete mama," akasema.

Mama mkwe wake alikuwa fundi cherehani, mtu wa kushona tundu la kifungo usijue limeanzia wapi. Lakini miaka sita iliyopita mikono ilianza kutetemeka. Cherehani akaifunika kitambaa, chai akawa anamiminiwa nusu kikombe, na picha akakataa kabisa. Wajukuu walikuwa na ile ya kitambulisho tu, ambayo bibi yao anaonekana kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua. Binti yake alimbembeleza miezi miwili. Mwishowe mama akakubali, kwa sharti moja.

"Nitakuja. Lakini mikono yangu isizungumzwe."

Jumapili akaja, na gauni la buluu alilolishona mwenyewe, la mwisho kulimaliza kabla mikono haijamgomea. Alifuatana na binti yake mdogo, yaani shemeji yake Kinyozi, na wajukuu watatu. Akakaa kitini wima, mtandio mabegani, mikono mapajani. Mikono ikaanza kazi yake.

Kinyozi aliiona. Na hapa tusimwonee, nia yake ilikuwa njema. Kiwanjani alijifunza kwamba mtoto akikimbia, unaongeza kasi ya kamera, la sivyo anatoka kama amepakwa kwa kidole. Basi kimyakimya akageuza kigurudumu cha kasi juu ya kamera, tik, tik, tik, mara tatu. Hakumwambia mtu. Akajiona mjanja kweli.

Pah!

Akatazama. Kichwa kipo, shingo ipo, na kuanzia hapo kwenda chini giza totoro, limenyooka kama lililokatwa kwa mkasi. Gauni hamna, vifungo hamna, mikono hamna. Akapiga tena, vilevile. Mara ya tatu, vilevile. Wajukuu wakamzunguka kuchungulia.

"He! Bibi amekatwa!" mmoja akapiga kelele, na shemeji akajiziba mdomo asicheke.

Wote wakamgeukia Kinyozi. Jamani, alitakiwa kusema "sijui" tu, akae zake. Lakini mtu aliyejisifu vile miezi miwili mizima neno hilo linampitia wapi?

"Mama, ni hiyo mikono," akasema. "Inatetemeka mno. Taa inashindwa."

Mama aliitazama mikono yake, kisha akavuta mtandio akaifunika.

"Basi, baba. Mimi si mtu wa picha tena."

Akainuka. Mlangoni alihangaika na kifungo cha kiatu muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mkewe Kinyozi hakugomba. Alizima taa, moja, halafu ya pili, akamfuata mama yake. Angegomba ingekuwa afadhali.

Asubuhi yake Kinyozi akabeba taa moja kwapani na kamera shingoni, moja kwa moja kwa yule mzee. Alimkuta barazani na jirani yake.

"Mzee, umeniuzia mabovu! Picha zinatoka nusu!"

Mzee alinyoosha mkono akapewa kamera, akakitazama kile kigurudumu.

"Kasi hii umeiweka wewe?"

"Ndiyo. Mtu alikuwa anatetemeka."

"Ndani ya kamera kuna pazia," mzee akasema taratibu. "Ukiliharakisha hivi halifunguki lote kwa mara moja. Taa inalipuka nusu ya picha bado imefunikwa." Akarudisha, tik, tik, tik, akaiunganishia taa, akampiga jirani picha. Ikatoka nzima. "Halafu kutetemeka hakuna ubaya wowote na taa hizi. Mlipuko wake ni mfupi mno. Hata mtu akitetemeka kwa homa, anatoka ametulia tuli. Ungeacha ilivyokuwa, ungempata."

Kinyozi alisikia masikio yanawaka. Kumbe katika chumba kile chote, kitu pekee ambacho kisingeweza kuiharibu picha ni ile mikono, na ndiyo aliyoitwisha lawama. Alitamani ardhi ipasuke aingie na taa yake. Hakumbuki kama aliaga.

Alimkuta mama mkwe amekaa kando ya cherehani yake iliyofunikwa. Yale maneno mengi yote yalikuwa yamemkimbia. Akachuchumaa chini.

"Mama, nilikusingizia. Kosa ni langu. Nilikigeuza kitu mwenyewe."

"Uliyasema wapi, baba?"

"Kwangu. Studio."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya shemeji. Na watoto."

"Basi kayafutie hukohuko."

Jumapili iliyofuata wakaja walewale. Kinyozi akasimama mbele ya shuka la kijivu, macho chini, akasema: mikono ya bibi haikuharibu kitu, aliyeharibu ni yeye, na alipoisingizia alijua kwamba hajui sababu.

"Kwa hiyo ulidanganya?" akauliza mjukuu mdogo.

"Nilidanganya."

Hakuna aliyemwokoa, wala mimi simwokoi. Ni mkewe aliyekwenda kuwasha taa.

Mama akakaa. Akautoa mtandio mwenyewe, akaiweka mikono mapajani, wazi, ikitetemeka mbele ya wote. Pah!

Kinyozi akampelekea kamera. Mama akaishika, lakini kioo kikawa kinachezacheza mbele ya macho yake, haoni kitu. Ikabidi Kinyozi aweke viganja vyake chini ya vyake, ndipo kikatulia. Gauni lilikuwepo lote, kifungo kwa kifungo. Chini ya vifungo, mikono miwili imelala mmoja juu ya mwingine.

Akaigusa pale kiooni, kidole baada ya kidole.

"Miaka sita sijaiona imetulia," akasema.

Kinyozi hakuweza kumtazama usoni. Alibaki ameinamisha kichwa, viganja vyake chini ya vya mama.